Kompyuta Inapokataa Kufungua Majibu ya Mgonjwa: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Tiba

Tuchukulie mfano wa zahanati moja ya Kiwalani, jijini Dar es Salaam. Mgonjwa ameketi kwenye benchi akisubiri majibu ya maabara. Majibu yamekwisha kuandikwa na kuwekwa kwenye kompyuta ya mezani ya maabara inayotumia Fedora, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux. Mhudumu wa dirishani anapojaribu kuyafungua kupitia mtandao wa ndani, anajibiwa kuwa hana ruhusa. Foleni inarefuka, na mtu anashauri ulinzi wa kompyuta uzimwe kwa muda. Kufanya hivyo ni sawa na kumtuliza homa mgonjwa bila kumpima malaria: dalili hutoweka, ugonjwa hubaki.

Kwa nini kompyuta hukataa

Kukataliwa kuna asili mbili. Ya kwanza ni ruhusa za kawaida za faili: nani mmiliki wake, na nani anaweza kulisoma au kuliandika. Ya pili ni sera ya usalama. Katika Fedora sera hiyo husimamiwa na SELinux, mfumo uliotolewa kwa umma na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwezi Desemba 2000, kisha ukaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003.

SELinux hufanya kazi kwa lebo, jambo ambalo watumishi wa maabara wanalifahamu vyema. Chupa ya sampuli yenye lebo isiyo sahihi haipimwi, hata kama damu iliyomo ni salama. Vivyo hivyo, kila faili na kila programu ina lebo, na sera hueleza lebo ipi iguse ipi. Hata msimamizi mkuu wa kompyuta hawezi kuipa programu ya seva haki ambayo sera imeinyima kwa kubadilisha tu ruhusa za kawaida.

Hatua za uchunguzi

1. *Ruhusa za kawaida.* Amri `ls -l` huonyesha mmiliki na ruhusa. Zikiwa na kasoro, tatizo limepatikana.

2. *Kumbukumbu za mfumo.* Amri `ausearch -m AVC -ts recent` hutaja programu iliyokataliwa, faili iliyoliomba na lebo za pande zote mbili. Hiki ndicho kipimo chenye kuthibitisha ugonjwa.

3. *Lebo ya faili.* Amri `ls -Z` huionyesha. Katika mfano huu, faili lilihamishwa kutoka folda binafsi ya mtumishi kwenda folda ya seva kwa amri ya `mv`. Faili linalohamishwa hivyo hubaki na lebo ya zamani. Linalonakiliwa kwa `cp` kwa kawaida hupata lebo ya makazi mapya.

4. *Tiba.* Msimamizi wa mfumo huendesha `restorecon -Rv` kwenye folda ya seva, na lebo sahihi hurejea.

Tiba zenye madhara

Amri `setenforce 0` huondoa ulinzi huu kwa programu zote hadi urejeshwe au kompyuta iwashwe upya. Aidha, kutengeneza kanuni mpya kwa `audit2allow` bila kuisoma kunaweza kuiruhusu seva kusoma mafaili mengine yenye lebo ile ile ya folda binafsi, wakati lililohitajika ni faili moja.

Hatari hiyo humwangukia mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Majibu ya VVU yakimfikia asiyehusika, hakuna amri ya kuyarudisha.

Mgonjwa anapoendelea kusubiri

Hitilafu ya kompyuta isicheleweshe matibabu. Majibu yasomwe kutoka rejista ya maabara, yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa kwa daktari. Yasipigwe picha na kutumwa kwa simu binafsi. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa sababu ya kuchelewa na kuomba njia hiyo ya karatasi.

Baada ya tatizo kutatuliwa, iandikwe tarehe, faili lililohusika, chanzo na tiba iliyotumika, kama inavyoandikwa katika jalada la mgonjwa. Zamu inayofuata itaanzia hapo.