Dondoo muhimu: Programu ya mazungumzo kwa wakulima wa Lushoto

Anayetaka kuunda programu ya mazungumzo kwa wakulima wa mboga Lushoto aanze na maneno yao, si na kompyuta. Rasa, zana huria ya kuundia programu kama hiyo, hufunzwa kwa mifano ya sentensi. Ukiipa Kiswahili cha vitabuni tu, swali lililochanganywa na Kisambaa, lugha ya wenyeji, litaishinda. Kwa hiyo kwanza mweke mtu ajibu ujumbe badala ya mashine, wakulima wakijua na kuridhia, na uhifadhi kila swali. Utaambiwa modeli kubwa za lugha za leo tayari zinajua Kiswahili. Kweli, lakini ufasaha si usahihi: jibu tamu lenye kipimo kibaya cha dawa huunguza nyanya. Zipime modeli hizo kwa maswali uliyohifadhi, bwana shamba akikagua majibu kabla hayajamfikia mkulima.