Bitana Inakumbuka: Maswali Kuhusu Masanduku ya Bastola za Kale

Njia ya Garsen hadi Witu imepitwa na wengi wenye silaha. Clemens na Gustav Denhardt, ndugu wawili Wajerumani, walijipatia ardhi kwa Sultani wa Witu mwaka 1885. Mwaka 1889 Carl Peters alifuata Mto Tana kuelekea bara na msafara wa bunduki, na Oktoba 1890 Waingereza wakauteka mji wa Witu. Katika enzi hizo bastola ya kutunukiwa mtu ililazwa katika sanduku la mti, juu ya bitana iliyokatwa kwa umbo lake. Fundi wetu wa masanduku anajibu maswali ya wasomaji.

Fundi, shikamoo. Babu ameniachia sanduku la namna hiyo, na ndani mna bastola iliyoshika kutu. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Anzia polisi. Usiifungue, usiisugue, wala usipande nayo matatu. Waite waje waione palepale ilipo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo ya kusema kama uzee wa bastola unabadilisha lolote. Sisi wa Tana River tulizika zaidi ya watu 100 katika mapigano ya 2012, kwa hiyo jambo hili silifanyii mzaha. Mimi hupokea sanduku tupu tu.

Kama sanduku ni tupu, utajuaje lilibeba nini?

Bitana yenyewe itasema. Mafundi wa Kiingereza waligawa sanduku kwa viambaza vilivyonyooka na kuvivika kitambaa kizito cha sufu, mara nyingi cha kijani. Wafaransa walichonga kishimo cha umbo kamili la bastola na kukifunika kwa mahameli. Pembeni utakuta nafasi ya kalibu ya kusubia risasi, ya chupa ya baruti na ya fimbo ya kusafishia mtutu. Hata pale kitambaa kilipopauka, mahali chuma kilipolala rangi huwa bado imekoza, na nyuzi zimelala.

Kwa hiyo chukua taa, imulike kutoka ubavuni, upige picha. Kisha tandaza karatasi nyembamba na upitishe penseli ya risasi laini juu yake polepole. Kabla hujafanya hivyo, usibandue kitu. Ukiing'oa bitana ya zamani kwa sababu imechakaa, umemnyamazisha shahidi wa pekee.

Yangu imeliwa na wadudu, robo yake haipo. Niitengeneze au niibadilishe?

Itengeneze kadiri inavyostahimili. Toa vumbi kwa brashi laini, mahameli usiyafue. Palipotoboka, pitisha chini yake kiraka cha pamba kilichotiwa rangi inayokaribiana, ukishike kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa vizuri na kupakwa kidogo. Gundi hiyo hulegea kwa unyevu, kwa hiyo fundi atakayekuja baadaye ataweza kurekebisha kosa langu. Gundi ya viatu haimpi nafasi hiyo. Ikibidi kuweka bitana mpya, ile ya zamani ifunge kwenye kitambaa safi na uihifadhi pamoja na sanduku.

Bitana mpya hukatwaje bila bastola yenyewe?

Kwa ile karatasi ya alama. Chonga mfano wa mti laini, uujaribu katika kishimo cha zamani. Kwenye kishimo kipya ongeza unene wa kitambaa kila upande; wengi husahau hapo, kisha kitu kinakwama. Vika sakafu na kuta kwanza, viambaza vije mwisho. Gundi ipakwe kwenye mti, ingoje ianze kunata, ndipo ulaze kitambaa. Ukiharakisha itapenya na kuacha madoa. Manyoya ya mahameli yote yaelekee upande mmoja, la sivyo sanduku litaonekana lina rangi mbili.

Kwa joto na mafuriko ya huku, nitumie kitambaa gani?

Kinachopendeza macho huenda kikadhuru chuma. Sufu hutoa salfa, na fedha ikageuka nyeusi. Mti wa mwaloni hutoa mvuke wa siki. Risasi zilizofungiwa ndani yake huweza kugeuka unga mweupe. Sponji ya magodoro huvunjikavunjika na kunata. Andrew Oddy wa British Museum alianzisha mwaka 1973 jaribio ambalo sasa hufanywa hivi: kitambaa hufungiwa chupani na vipande vya fedha, shaba na risasi, pamoja na unyevu kidogo, kwa siku 28 katika nyuzi 60 za Selsiasi. Metali ikichafuka, kitambaa hakifai.

Dukani Garsen, nunua marekani isiyotiwa rangi. Ichemshe mara mbili utoe wanga wa kiwandani, kwa sababu wanga huita wadudu na ukungu. Sanduku likae juu ya rafu, mbali na ukuta, mchwa na maji. Na chuma kisilazwe humo mwaka mzima: sanduku ni la kuonyeshea, chuma kikae pakavu peke yake.

Fundi, haya ni masanduku ya wazungu. Sisi Wapokomo yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu ya Ngadji. Ngoma yetu kuu ilichukuliwa na wakoloni, na tangu 1908 iko British Museum, London. Tunaidai. Siku itakapotua Tana River itahitaji pa kulala, na kazi ni ileile: kulipima tumbo lake, kugawa uzito wake usiegemee pembe moja, na kuulaza mti huo mkongwe juu ya povu gumu la polietilini lililovikwa marekani iliyochemshwa.

Ila kuna kipimo ambacho rula haikitoi. Kabla ya kukata kitambaa, wazee waulizwe nani anaruhusiwa kuiona, mkono gani uiguse, na kifuniko kifunguliwe lini. Bitana hiyo nitaishona kwa jibu lao.