Kipokezi Kilichopotea Njiani: Ishara za Ukuaji katika Saratani ya Matiti na Chupa ya Formalini Wilayani Ngara

Miaka kadhaa iliyopita, katika kliniki ya mkoba wilayani Ngara, alinijia mama mmoja mkulima akiwa amefunga karatasi zake katika pindo la khanga. Titi lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuondolewa katika hospitali nyingine, dawa za dripu alikuwa amezimaliza, na kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Kilichomleta ni uvimbe mdogo uliojitokeza kandokando ya kovu. Majibu ya maabara aliyokuwa nayo yalieleza kwamba saratani yake haikuwa na kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala HER2. Kwa sababu hiyo hakuandikiwa vidonge vya kuzuia homoni.

"Daktari, hapo wameandika nini?" akaniuliza. "Mimi niliambiwa tu kwamba yangu haina dawa ya kumeza."

Nilimwuliza jinsi nyama iliyokatwa siku ya upasuaji ilivyosafirishwa. Mwanawe, aliyeketi pembeni, akajibu bila kusita. Yeye ndiye aliyeibeba, katika chupa iliyotiwa maji ya dripu. Gari liliharibika, akalala nayo Biharamulo, akafika Mwanza kesho yake jioni watu wakiwa wamekwisha kufunga ofisi. Alitimiza kila alichoagizwa, na hakuna aliyemweleza kwamba kitu alichobeba kilikuwa kinaoza mkononi mwake.

Tulichukua kipande kipya kwa sindano nene, tukakitumbukiza katika formalini papo hapo. Majibu yaliporudi, kipokezi cha estrojeni kilionekana katika zaidi ya nusu ya seli. Ni kweli kwamba saratani inaporudi huweza kubadili tabia, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu wa patholojia aitazame upya slaidi ya mwanzo. Ndani ya slaidi hiyo kulikuwa na mifereji ya kawaida ya maziwa, ambayo baadhi ya seli zake huwa na kipokezi hicho kwa kila mwanamke, na ambayo ilipasa kushika rangi. Haikushika hata kidogo. Kipimo hakikuwa kimesema kwamba kipokezi hakipo; kilikuwa kimeshindwa kusema lolote. Kati ya siku ile na siku aliyofika kwangu mama huyu alikuwa amepoteza miezi kumi na moja ya tiba.

Ili kuelewa uzito wa kosa hilo, hatuna budi kuingia ndani ya seli.

Seli ya titi haigawanyiki kwa hiari yake. Husubiri amri, na amri hiyo huletwa na wajumbe wa kikemikali. Mjumbe mkuu katika titi ni estrojeni, homoni inayotengenezwa na ovari na kusambazwa kwa damu. Wajumbe wengi mwilini hupiga hodi mlangoni na kusubiri, kwa kuwa utando wa seli hauwapitishi. Estrojeni haipigi hodi. Ni ya jamii ya mafuta, na utando wa seli nao ni wa mafuta, hivyo hupenya moja kwa moja hadi katika kiini. Humo hukutana na protini inayoisubiri, nayo ndiyo kipokezi cha estrojeni. Vikishikana, kipokezi hubadili umbo, hujiunga na kipokezi mwenzake, na wawili hao huketi juu ya DNA mahali maalumu. Hapo huita protini wasaidizi, na jeni zilizokuwa zimelala huanza kusomwa. Miongoni mwake ni jeni ya saiklini D1, ambayo huifungulia seli njia ya kugawanyika.

Katika titi lenye afya utaratibu huu huanza na kukoma kwa kipimo. Katika saratani yenye kipokezi, seli imeifanya estrojeni kuwa chakula chake cha kila siku. Jambo hilo lilidhihirika kitabibu kabla hata ya neno kipokezi kutumika. Mwaka 1896 George Beatson, mpasuaji wa Glasgow nchini Uskoti, alichapisha taarifa za wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kuenea, ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kuondolewa ovari. Wazo alilipata kwa kutafakari uhusiano wa ovari na maziwa, akijua kwamba kulikuwa na wafugaji waliowaondolea ng'ombe ovari ili waendelee kukamuliwa. Lakini si kila mgonjwa alinufaika, na kwa miongo sita hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago alitumia estrojeni iliyotiwa alama ya mionzi, akaonyesha kwamba tishu fulani huikamata na kuishikilia ilhali nyingine huiacha ipite. Tishu zinazoikamata zina kipokezi. Tangu hapo daktari aliweza kuuliza swali kabla ya kutoa tiba.

Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson, katika jitihada za kutafuta dawa ya uzazi wa mpango. Katika lengo hilo haikufaa. Mwaka 1973 iliidhinishwa nchini humo kutibu saratani ya matiti. Hukaa katika kipokezi mahali pa estrojeni, kama mgeni aliyewahi kiti cha mwenye nyumba, lakini umbo linalotokana na ukaaji wake haliwezi kuwaita wale protini wasaidizi. Jeni za ukuaji hubaki zimelala. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, kwa miaka mitano au zaidi, hupunguza sana uwezekano wa saratani kurudi. Ni miongoni mwa dawa za saratani zenye bei nafuu kuliko zote, na huhitaji tu maji ya kumezea. Kwa mgonjwa anayeishi Rulenge au Kabanga, mbali na mashine yoyote ya mionzi, sijui dawa ya saratani yenye faida kubwa kuliko hiyo. Lakini haimfai asiye na kipokezi: humpa madhara bila manufaa.

HER2 ni kisa kingine. Hiki ni kipokezi kilicho juu ya utando, mlangoni hasa. Kikiungana na mwenzake, sehemu yake ya ndani hujibandika fosfeti, na fosfeti hizo huwa ngazi ya kupitishia habari kwa protini zinazofuata. Njia mbili ndizo kubwa. Moja hupitia RAS na MAPK, ikihimiza seli igawanyike. Nyingine hupitia PI3K, AKT na mTOR, ikiizuia seli isife na kuilisha ili itanuke. Katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, jeni ya HER2 imejirudufu mara nyingi, na utando hujaa vipokezi hivyo hadi vinaungana vyenyewe bila kuitwa. Aliyewahi kuona foleni ya malori pale Rusumo na afanye taswira ya kizuizi kilichokwama kikiwa wazi. Trastuzumabu, kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, hukishika kipokezi hicho kwa nje, huzima ishara yake na kuziita seli za kinga ziishambulie seli hiyo. Bei yake bado ni kikwazo, na moyo wa mgonjwa lazima upimwe kabla na wakati wa tiba.

Njia hizi mbili, ya kiini na ya mlangoni, hazikutengana. Ishara kutoka HER2 na PI3K huweza kukiamsha kipokezi cha estrojeni hata estrojeni ikiwa haba. Hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa fulani kuacha kuitikia tamoksifeni ingawa wanaimeza vizuri. Saratani isiyo na chochote kati ya vitatu hivyo hutibiwa hasa kwa upasuaji, dawa za dripu na mionzi. Aina hiyo ipo kweli, tena ni kali na si adimu miongoni mwa wanawake wa Kiafrika, ndiyo maana jibu la "hakuna" huaminiwa upesi mno. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba saratani zenye kipokezi cha estrojeni zilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 10 pale tishu za zamani za kumbukumbu zilipotumika, zikilinganishwa na zile zilizokusanywa kwa mpango maalumu. Sehemu ya ukali tunaouhusisha na damu yetu hutokana na chupa zetu.

Kipokezi ni protini, na protini huharibika kama nyama iliyosahaulika bila moto. Tishu ikikatwa damu hukoma, seli hukosa oksijeni, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuimeng'enya. Maji ya dripu hayazuii jambo hilo, na barafu huichelewesha tu. Spiriti hukausha protini kwa namna nyingine, na kipimo kilichosanifiwa kwa ajili ya formalini hakiaminiki tena. Formalini hufunga protini moja kwa nyingine mahali zilipo, na hivyo kipokezi hubaki kikisubiri rangi ya maabara.

Kwa wenzangu wa vyumba vya upasuaji, iwe Nyamiaga, Murgwanza au Biharamulo, naomba haya yasomwe kwa utulivu. Formalini inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa: sehemu 1 ya formalini ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40, na sehemu 9 za maji, na kwa kila lita gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye hidrojeni moja. Tishu iingie humo ndani ya saa moja tangu kukatwa. Ujazo wa formalini uwe mara kumi ya ujazo wa tishu. Chupa ya mdomo mwembamba ambamo nyama imeshindiliwa haifai. Titi zima haliwezi kuhifadhika kwa kutumbukizwa tu, kwa maana formalini hupenya takriban milimita moja kwa saa. Lazima uvimbe upasuliwe kwa vipande vilivyolala sambamba, bila kuvitenganisha, na kitambaa kiwekwe katikati ili dawa ipenye. Andikeni saa ya kukata na saa ya kutumbukiza. Tishu inapaswa kukaa katika formalini si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa. Safari ya Mwanza ni ya siku moja, hivyo muda unatosha. Usichotosha ni muda wa kusubiri gari la wiki ijayo.

Afadhali zaidi ni kuchukua kipande kwa sindano nene kabla ya upasuaji wowote. Kipande hicho ni chembamba, formalini hukifikia mara moja, na majibu yake huonyesha ni tiba ipi itangulie. Kukata uvimbe kwanza na kuuliza baadaye ni desturi tuliyoirithi, na ningependa tuiache.

Nanyi mnaougua, au mnaomuuguza mama au shangazi, ulizeni bila haya: "Je, vipokezi vimepimwa?" Karatasi ya majibu itunzwe kama hati ya shamba. Jibu likiwa "hakuna" na mnajua nyama ilikaa katika maji au katika chupa tupu, mwelezeni daktari, naye ataweza kuomba kipimo kirudiwe.

Aliyeandikiwa tamoksifeni anahitaji kujua mambo machache. Dawa hii hukamilishwa na ini, ambalo huigeuza kuwa endoksifeni yenye nguvu zaidi kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Mwaka 2001 ilielezwa aina ya jeni ya kimeng'enya hicho, CYP2D6*29, iliyo ya kawaida miongoni mwa Watanzania na yenye kasi pungufu. Kupima jeni hiyo hakushauriwi kama utaratibu wa kila mgonjwa, lakini yapo yaliyo mikononi mwetu. Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, huzuia kimeng'enya hicho, na zipo nyingine za kutumia badala yake. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana kiwango cha tamoksifeni katika damu. Mgonjwa mwenye magonjwa yote mawili asikatize dawa za kifua kikuu, bali kliniki mbili zinazomhudumia ziwasiliane.

Tamoksifeni hudhuru mimba, hivyo mwanamke ambaye bado anapata hedhi atumie kitanzi cha shaba au kondomu. Sindano na vipandikizi vya homoni si vya mgonjwa wa saratani ya matiti, na hilo wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto walizingatie. Joto la ghafla mwilini ni la kawaida na huzoeleka. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa pumzi ghafla, au kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma ni mambo ya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yule aliniuliza swali la mwisho akiwa amekwisha kusimama: akisahau kidonge siku moja afanyeje? Nikamjibu kwamba kesho yake ameze kimoja kama kawaida, asimeze viwili. Tamoksifeni hutoka mwilini polepole, na nusu yake bado imo katika damu baada ya siku tano hadi saba. Siku moja haiharibu kitu. Vidonge vikibaki vya wiki mbili, mwanawe aanze safari ya kwenda kuchukua vingine.