Mzazi Asiachwe Peke Yake

Ndugu zetu Waislamu,

Ada ya miji yetu ya pwani ni kuwa mwanamke akizaa hukaa ndani siku 40. Siku hizo nyumba hujaa jamaa na majirani: huyu humpikia uji, yule humwosha mtoto. Ada hiyo ina kheri nyingi. Lakini arubaini ikisha, watu hutawanyika. Zamani mzazi alibaki na mawifi na wakwe katika nyumba moja. Leo wengi wamo katika vyumba vya kupanga, ghorofani, mbali na jamaa zao. Kutwa hana wa kusema naye, na mumewe akitoka kazini hupitia barazani, akarejea usiku.

Wako wadhanio kuwa mzazi kutoka kwenda kwa wenzake ni upungufu wa haya. Natuitazame sharia. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, nifasi kwa ghalibu ni siku 40, na ukomo wake ni siku 60. Wala uchache wake hauna idadi ya siku. Damu ikikatika siku ya 20, huoga akasali. Basi arubaini si kifungo.

Tena Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala na nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Zingatia: mama huyo alikuwa safuni pamoja na watu. Mtume hakumwambia abaki nyumbani, aliifupisha sala.

Katika haya tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, mume ampakate mwanawe jioni, mkewe apate kwenda kwa jirani au darasani. Bi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika akitoka. Je, baraza zetu ni bora kuliko mwendo wake?

Pili, majirani wasiikome njia baada ya arubaini. Na wenye darasa za wanawake wawakaribishe wazazi na watoto wao, wala wasiwakunjie uso mtoto akilia.

Tatu, mzazi mwenyewe asingoje kuitwa. Naabishe hodi kwa mwenziwe mwenye mtoto mchanga; huenda naye yu katika upweke huo huo.

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika kila wanawake 100 waliojifungua, kiasi ya 13 hupatwa na maradhi ya nafsi, na mengi yake ni huzuni nzito. Basi mkimwona mzazi halali hata mwanawe alalapo, hulia kila siku, au hana haja na mtoto, na hali hiyo ikapita wiki mbili, msimwite mvivu wala msiseme ana shetani. Mwombeeni dua, na mpelekeni kwa daktari upesi. Kutafuta dawa ni katika maamrisho ya Mtume wetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.