Tikiti Lililochumwa Kabla ya Wakati

Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, twasoma ya kuwa Waisraeli walipokuwa jangwani waliyakumbuka matikiti ya Misri. Tunda hili basi ni la zamani, nalo laweza kustawi nyuma ya nyumba zetu. Mwenye bustani na ayashike mambo matatu.

1. Kupanda. Chagua mahali penye jua kutwa na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Chimba shimo la futi 1, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kati ya shimo na shimo iwe futi 6. Tia mbegu 4, kina cha inchi 1. Zikiisha kuota, acha miche 2 iliyo bora.

2. Maua. Yatanguliayo ni ya kiume, nayo huanguka pasipo kuzaa; usihuzunike. Ua la kike hujulikana kwa kitunda kilicho chini yake. Hufunguka asubuhi, kwa siku moja tu, na nyuki ndio waliletealo unga wa ua la kiume. Wasipofika, kitunda hunyauka. Basi chuma ua la kiume, uliguse nalo lile la kike katikati.

3. Kuchuma. Hapa wengi hukosa. Ndizi huivia nyumbani, bali tikiti likiisha kukatwa haliongezi utamu. Ngoja siku 35 hata 45 tangu ua kufunguka. Kisha tazama: kile kijiuzi kilichojipinda karibu na kikonyo cha tunda kiwe kimekauka, na upande uliolalia chini uwe umeacha weupe na kuwa manjano. Kuligonga kwa kidole peke yake hudanganya.

Siku ya soko mwenye haja ya fedha hujaribiwa kuyachuma mabichi. Kwa macho yafanana na mengine. Mnunuzi, labda mjane mwenye watoto, atajua akiisha kulikata nyumbani kwake. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza amri ya saba hakukataza kunyang'anya tu, bali na kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbaya. Basi ajuaye ya kuwa tikiti lake ni bichi, naye akaliuza kama bivu, amekwisha kuiba, ijapokuwa hakuingia katika nyumba ya mtu.

Walimu, waulizeni wanafunzi wenu: Kabla tikiti halijakatwa, ni nani ayajuaye yaliyomo ndani? Mwenye shamba ajua, na Mungu ajua.