Kutoka Dubai hadi Guangzhou ni saa ngapi angani?

Swali: Mfanyabiashara wa nguo, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, anauliza: tiketi inaonyesha kuondoka Dubai saa 10:00 na kufika Guangzhou saa 21:00. Je, safari ni ya saa kumi na moja?

Jibu: Hapana. Ni saa saba. Dubai na Guangzhou zimeachana kwa takriban kilomita 5,800 za anga. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo hutumia saa sita na nusu hivi, pamoja na muda wa kupaa na kushuka. Saa nne zilizozidi ni tofauti ya majira: tiketi huandika saa za mahali, na China iko mbele ya Dubai kwa saa nne, mbele ya Dar es Salaam kwa tano. Saa 21:00 ya tiketi ni saa 3 usiku ya Guangzhou. Kariakoo ni saa 10 jioni tu, maduka yangali wazi.

Kurudi huchukua karibu saa nane, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi na kuikabili ndege.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kilomita 4,000 hivi, saa tano na nusu. Kupitia huko hufanya jumla ya kilomita 9,800, ilhali njia ya moja kwa moja ni kama 8,700. Kinachochosha zaidi, hata hivyo, ni kusubiri Dubai. Muda huo uangaliwe kabla ya kulipia tiketi.