Kabla ya Kugusa Stata, Zungusha kwa Mkono

Fundi akimaliza kufunga mkanda mpya wa taimingi, usikubali awashe gari papo hapo. Kwanza aizungushe injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, kwa upande ule ule inaozungukia ikiwa inafanya kazi. Ni dakika chache tu, lakini gereji nyingi huziruka kwa haraka ya kukabidhi gari.

Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde na kila pistoni hupanda mara 50. Kinachozipisha zisikutane ni meno ya mkanda wa mpira. Dizeli za Toyota za 2L, 3L na 5L, zilizofungwa kwenye Hiace nyingi za abiria na Hilux za mizigo, hubana hewa zaidi ya mara 20, hivyo pistoni ikifika juu hubakiza upenyo mdogo mno chini ya hedi. Valvu iliyochelewa kufunga hugongwa ikapinda, na ikikatika kipande chake huweza kuitoboa pistoni. Zipo injini zenye nafasi ya kutosha, kama 4A-FE ya petroli kwenye Corolla za zamani: hizo mkanda ukikatika huzima tu. Kwa dizeli hizi usiitarajie huruma hiyo.

Alama za kupangia mkanda ni tatu: ya krenki, ya kamshafti na ya pampu ya dizeli. Zote zikae mahali pake pistoni ya silinda namba 1 ikiwa juu kabisa. Kamshafti ikikosea jino moja, gari huweza kuwaka kwa shida, likatoa moshi na kukosa nguvu. Yakizidi meno, vyuma vinagongana.

Kabla ya kuzungusha, waya wa betri ufunguliwe, asije mtu akagusa ufunguo. Pulagi za kupashia moto nazo zitolewe, maana bila mbano wa hewa krenki huzunguka laini na mkono unahisi kila kitu. Spana ikigota ghafla, simama hapo hapo. Usiongeze bomba refu ili kulazimisha. Rudisha nyuma kidogo, fungua mkanda, panga alama upya. Mizunguko miwili ikiisha, alama zote zirudi pale pale. Zisiporudi, mkanda umeruka au tensheni haijakaza sawasawa.

Na kama mkanda umekatika barabarani? Injini huzima ghafla, kisha stata huzunguka wepesi kuliko kawaida kwa kuwa valvu hazibani tena. Usiendelee kupiga stata, wala usiombe watu wasukume gari liwake kwa gia. Huenda baadhi ya valvu zimesalimika, na kila mzunguko unazihatarisha. Livutwe likiwa kwenye gia huru.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya dizeli hizi huhesabu kilomita tu, kwa kawaida 100,000. Haiujui mkanda wenyewe. Kwa gari la mtumba ambalo kilomita zake huna hakika nazo, badilisha mkanda mara tu unapolinunua, pamoja na beringi ya tensheni na sili za oili zilizo nyuma ya puli. Oili ikivuja hapo hulainisha mpira, na mkanda mpya hufa kabla ya wakati wake.